Pitisha Kidole Pindoni: Kifuu, Kanga na Zawadi za Mikono

MPWA: Karibuni tena barazani kwa shangazi yangu, hapa Tanga. Sauti mnayoisikia kwa nyuma ni jirani anakuna nazi, na leo hatutamwomba anyamaze, kwa sababu kifuu anachokibakiza ndicho tulichokuja kukizungumzia. Shikamoo shangazi.

SHANGAZI: Marahaba mwanangu. Umeshuka salama?

MPWA: Salama, namshukuru Mungu. Shangazi, kuna msikilizaji yuko Mwanza ametuandikia. Ana harusi mbili na arobaini moja ya mtoto ndani ya mwezi mmoja, na mfuko umekauka. Anauliza, anaweza kutengeneza nini kwa mikono yake ambacho akikitoa hatajisikia vibaya?

SHANGAZI: Hapo kwenye kujisikia vibaya ndipo pa kuanzia. Kitu cha kutengeneza nyumbani hakimwaibishi mtu kwa sababu ni cha bei ndogo. Kinamwaibisha kwa sababu hakikumaliziwa. Uzi unaning'inia, ukingo unakwaruza, gundi imetoka pembeni. Mimi nikipewa kitu cha mkono huwa sitazami katikati, napitisha kidole pindoni.

MPWA: Nimewahi kukuona ukifanya hivyo dukani, muuza duka akakuangalia sana.

SHANGAZI: Na niliweka chini, sikununua.

MPWA: Basi tuanze na kifuu. Mimi nilijaribu mwaka jana. Nilimtengenezea mwenzangu wa kazini bakuli la kuwekea hereni na funguo. Nje nililisugua likang'aa, nikafunga na utepe. Wiki ya pili akaniambia kwa upole kwamba limeanza kunuka. Iliniuma, maana nilikuwa nimelifanyia kazi siku mbili nzima.

SHANGAZI: Ulilikausha?

MPWA: Nililiosha tu.

SHANGAZI: Nyama ilibaki ndani. Mbuzi ya kukunia haimalizi nyama yote, na meno yake yanaacha mikwaruzo, sasa vile vijinyama vinajificha humo humo. Ukishakuna, loweka kifuu katika maji ya moto, kisha kwangua kwa kijiko mpaka usione cheupe hata kimoja. Halafu kianike kivulini penye upepo, siku tatu au nne. Usikiweke juani moja kwa moja, kitapasuka.

MPWA: Turudi nyuma kidogo. Nazi yenyewe naichagua vipi?

SHANGAZI: Iliyokomaa, kifuu chake kizito na cheusi. Dafu halifai, kifuu chake bado laini. Na kuvunja kuna adabu yake. Watu wengi wanaipiga nazi popote ikapasuka ovyo. Wewe ishike mkononi, macho yake yaelekee upande mmoja, uigonge kwa mgongo wa kisu kizito pale katikati, kwenye kiuno, huku unaizungusha. Weka bakuli chini, la kukinga maji. Itaachia yenyewe vipande viwili, ukingo karibu umenyooka.

MPWA: Kipande kimoja kina macho, kingine hakina.

SHANGAZI: Na kila kimoja kina kazi yake. Kisicho na macho ndicho bakuli. Chenye macho usikitupe. Katika yale macho matatu kuna moja laini, lile mche unapotokea. Lisukume na msumari, linatoboka bila taabu. Hapo umeshapata tundu la kutolea maji. Tia udongo, panda mshubiri mdogo, toboa matundu matatu juu karibu na ukingo kwa msumari uliotiwa motoni, pitisha kamba ya katani, tundika dirishani.

MPWA: Yaani nazi imekuja na tundu lake!

SHANGAZI: Imekuja nalo. Na kamba ukitaka ya huku kwetu, ni katani. Unajua kuwa katani si mmea wa asili ya hapa? Asili yake Meksiko. Aliyeileta ni Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893. Miche ilikuwa elfu moja, iliyofika hai ni 62 tu, na ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mashamba yote ya katani uliyoyaona njiani leo asubuhi, mwanzo wake ni hiyo miche.

MPWA: Sitaitazama ile kamba vilevile tena. Haya, kusugua. Hapa ndipo watu wanapochoka.

SHANGAZI: Wanachoka kwa sababu wanaanza na msasa laini. Nje kwanza zitoe nyuzi za makumbi kwa kisu, unakwangua kama unayemkwangua samaki magamba. Kisha msasa wa kukwaruza, namba 80. Ukiona umesawazika, nenda 120, halafu 240. Mwisho 400, na huo uuloweshe maji kidogo. Usiruke namba. Ukiruka, mikwaruzo ya 80 itabaki pale, na ukipaka mafuta ndiyo itajitokeza yote.

MPWA: Mimi karatasi moja niliinunua shilingi 1,000 duka la vifaa vya ujenzi, nikaikata vipande vinne, na vifuu vitatu vilikwisha kabla ya msasa.

SHANGAZI: Na uvae barakoa, ukae nje. Vumbi la kifuu ni jepesi, linaingia kifuani. Unajua mama yangu hakuwahi kununua msasa? Msasa kwanza ni mti. Majani yake yanakwaruza kama ulimi wa paka, na mafundi wa zamani walisugulia mbao kwa majani hayo. Karatasi ya dukani imerithi jina tu.

MPWA: Sikulijua hilo hata kidogo.

SHANGAZI: Sasa ukingo. Ukingo wa kifuu uulaze kichwa chini juu ya msasa uliotandazwa kwenye ubao, uzungushe polepole mpaka wote uguse. Hapo bakuli haliyumbi. Kisha uuviringe kwa vidole, ndani na nje, usiwe na kona kali. Mimi ukingo peke yake naupa muda sawa na kifuu kizima.

MPWA: Halafu mafuta ya nazi.

SHANGAZI: Kiasi kidogo sana, kwa kitambaa. Acha usiku kucha, asubuhi futa, rudia. Ukiwa na nta ya nyuki, yeyusha sehemu moja ya nta kwa sehemu nne za mafuta, chombo kikae juu ya sufuria ya maji ya moto, siyo juu ya moto wenyewe. Kikipoa, paka na usugue. Kifuu kinakuwa cheusi chenye mng'ao wa ndani, siyo ule wa vanishi. Vanishi mimi siitaki kwenye kitu ambacho mtu huenda akatilia karanga.

MPWA: Shangazi, tuhamie kwenye kanga. Nimekuja nayo moja, imepauka, na nilikuwa naiogopa kuikata.

SHANGAZI: Uogope kidogo, ni vizuri. Ya nani?

MPWA: Yangu. Ya chuo.

SHANGAZI: Basi kata. Kanga ya mtu aliyetangulia mbele ya haki, usikate mpaka ndugu mmekaa mkakubaliana. Mama alipofariki tuligawana kanga zake nzima nzima, na mimi ya kwangu mpaka leo iko sandukuni na harufu ya mkadi. Ile sitaitia mkasi. Lakini hii ya chuo, iliyokwisha kuwa laini hivi, inafaa foronya kuliko kitambaa chochote kipya. Kanga mpya bado ina wanga, na ukiifua itarudi, yaani itapungua. Kuukuu imeshamaliza kurudi.

MPWA: Niambie vipimo, maana wasikilizaji wanapenda namba.

SHANGAZI: Mto wa kochi wa sentimita 40 kwa 40. Kata kipande cha mbele 42 kwa 42. Nyuma kata vipande viwili, kila kimoja 42 kwa 28. Kila kimoja upinde upande mmoja mrefu, mara mbili, sentimita moja na nyingine moja, ushone. Sasa laza kipande cha mbele uso juu, vile viwili juu yake uso chini, vipishane katikati. Piga bandi pembeni kwanza, ile mishono mirefu ya muda, visihame, ndipo ushone mzunguko wote, sentimita moja kutoka ukingoni. Geuza. Hakuna zipu, hakuna kifungo, mto unaingia kwa nyuma.

MPWA: Na asiye na cherehani?

SHANGAZI: Sindano ya mkono inatosha, ila mishono iwe midogo na kila baada ya michache urudi nyuma mmoja. Jioni moja, foronya moja. Na zile nyuzi za ndani zisiachwe, zipindie. Mtu atakapoitoa kuifua ndipo atakapoona wewe ni mshonaji wa namna gani.

MPWA: Nilitaka jina la kanga likae mbele, pale katikati.

SHANGAZI: Pima jina kwanza! Wengi wanakata halafu wanakuta maneno yamebaki nusu. Majina mengi ni marefu kuliko foronya ya 40. Hii yako inasema nini? "Nani kama mama." Ipime. Ikizidi, fanya mto mrefu wa kuegemea, au ule ukanda wa jina ukate peke yake uuweke kwenye fremu ya kioo, ndiyo pambo la ukuta. Mji, yaani ile nakshi ya katikati, ndiyo inayokaa vizuri kwenye foronya ya mraba. Pindo usitupe, ni mkanda tayari: unafungia pazia, unapambia taulo, unavika shingo ya chupa.

MPWA: Na ukimpa mtu, jina linasema kwa niaba yako.

SHANGAZI: Linasema, hata kama hukukusudia. Kanga ina majina ya mapenzi, ya shukurani na ya kupigana vijembe. Usimpelekee mke mwenza wa mtu foronya kabla hujalisoma jina vizuri.

MPWA: Ndani tujaze nini?

SHANGAZI: Kama kuna msufi karibu, sufi. Mito ya utotoni kwetu yote ilikuwa ya sufi, myepesi, haibani joto. Ukikosa, nenda kwa fundi cherehani umwombe mabaki. Atakupa mfuko mzima, ila uyakate madogo madogo, la sivyo mto utakuwa na mabonge.

MPWA: Shanga za karatasi? Nina kalenda za ukutani za miaka mitatu.

SHANGAZI: Hizo za Uganda zimenipendeza siku zote. Karatasi ya kalenda ni nzuri, ngumu na ina rangi. Kata pembetatu ndefu, kitako sentimita 2, urefu 25 hivi, viringisha kwenye kijiti cha meno kuanzia upande mpana, ncha ibaki katikati, gundi kwenye ncha, vanishi mara mbili. Mtoto wa darasa la tatu anaweza. Mimi naona hiyo ni kazi ya kufanya na watoto likizo kuliko zawadi ya harusi, lakini kila mtu na mkono wake.

MPWA: Mimi nampenda aliyevaa mkufu wa hizo. Haya, na kufunga zawadi? Karatasi ya zawadi nayo ina gharama, na inachanwa dakika ileile.

SHANGAZI: Kikapu. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Tanzania Bara, tarehe 1 Juni 2019, kikapu kimerudi mkononi mwa watu, hata vijana. Nunua kikapu kidogo cha ukindu, ndani tandika kipande cha kanga kilichopindwa, weka zawadi yako. Mtu anapata zawadi mbili.

MPWA: Kwa nini tununue? Si tusuke?

SHANGAZI: Hapa nitasema kwa uchungu kidogo. Kusuka ukili hakujifunzwi jioni moja. Ukindu unachumwa, unakaushwa, unachanwa kuwa chane, unachemshwa na rangi. Ndipo unasukwa ukili, yaani ule mkanda mrefu, pima kwa pima, kisha unashonwa kwa shazia, sindano kubwa ya kushonea ukili. Vidole vya wanawake hawa vimekakamaa kwa kazi hiyo. Halafu mtu anashuka kwenye gari anamwambia mama wa watu apunguze. Foronya jitengenezee. Kifuu jisugulie. Kikapu mlipe msusi bei aliyoitaja.

MPWA: Nimekusikia, shangazi. Msikilizaji wetu wa Mwanza, harusi mbili, jozi mbili za foronya. Arobaini ya mtoto je?

SHANGAZI: Kanga kuukuu iliyo laini, ikatwe vipande vya kumfutia mtoto, kila kimoja kipindwe pande zote nne. Mzazi atakushukuru kuliko aliyeleta nguo ya kuvaa siku moja. Na kama mzazi yuko huku pwani, mtungie kikuba, kile kishada cha maua cha kuvaa kifuani. Asumini zichumwe jioni zikiwa bado hazijafunguka, na rehani kidogo, sindano na uzi basi. Zitafunguka usiku zikiwa kifuani kwake. Hiyo haigharimu chochote kwa mwenye mti uani.

MPWA: Mimi nimeleta kifuu changu kingine, shangazi. Safari hii nimekikausha siku nne. Naomba ukikague mbele ya wasikilizaji.

SHANGAZI: Hebu. Ndani safi, hakuna harufu. Kimekaa sawa juu ya meza. Rangi umeitoa vizuri. Ukingo... hapa pazuri, hapa pazuri. Lete kidole chako. Umesikia?

MPWA: Pamekwaruza.

SHANGAZI: Padogo tu. Msasa wa mia mbili arobaini upo kwenye kikapu hapo nyuma ya mlango, na maji kidogo. Kaa hapa tumalizie.