Mtaro uliokomea mpakani: halmashauri jirani na chumba cha mpangaji

Waheshimiwa madiwani, wakurugenzi, maofisa ardhi na mipango miji, wenyeviti wa mitaa na vijiji, habari za asubuhi. Nimepewa dakika arobaini na nitajitahidi zisizidi, maana najua wengine mmetoka mbali na mnarudi leo hii hii.

Nianze na chumba. Miaka ile nimemaliza chuo nilipanga chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita, choo cha uani, kwenye mtaa ulio mpakani mwa halmashauri mbili. Mtaa wenyewe sitautaja, na halmashauri sitazitaja. Baadhi ya wahusika bado wako kazini na mimi bado natafuta kazi za ushauri.

Mwaka mmoja halmashauri ya upande wa juu ikajenga mtaro wa maji ya mvua. Mtaro mzuri, wa zege, una mifuniko. Ukateremka kando ya barabara mpaka ulipofika mpakani ukakoma. Haukuunganishwa na chochote. Mkandarasi alifuata mchoro, na mchoro uliishia pale eneo la mwajiri wake lilipoishia. Masika ilipoingia, maji ya mtaa mzima wa juu, ambayo zamani yalikuwa yakisambaa hovyo na kunywewa na mchanga, sasa yalikusanywa vizuri na kuletwa kwa kasi hadi uani kwetu. Mama mwenye nyumba alipandisha friji juu ya tofali mbili, wiki ya pili nne. Alikwenda kwa mtendaji wetu, akaambiwa mtaro ule si wetu. Akavuka upande wa pili, akaambiwa yeye si mkazi wao. Basi akaita fundi, akajenga kizingiti cha tofali kila mlango, akainua na sakafu ya korido. Kodi ilipofika wakati wa kulipwa, tukiwa tunalipa ya miezi sita kwa mkupuo kama mnavyojua desturi yetu, ikawa imepanda. Kile kizingiti tulikilipia sisi wapangaji.

Nimekisimulia kisa hiki kwa sababu tukisema nyumba za bei nafuu, mawazo yote hukimbilia maghorofa na kukata utepe. Sina ugomvi na maghorofa. Magomeni Kota, zile nyumba za kaya 644 zilizozinduliwa mwaka 2022, ni kazi ya maana, na waliorudi pale wana haki ya kufurahi. Ila tukubaliane kwamba mtu wa kipato cha chini wa Dar es Salaam hajengewi na serikali wala na shirika. Anapanga chumba kwa mtu aliyenunua kipande cha ardhi, akapandisha boma kwa miaka saba, akapiga lenta mwaka aliopata mchezo wa upatu, akaezeka vyumba viwili na kuvipangisha ili apate pesa ya kuezeka vingine. Huyo ndiye mjenzi wetu mkuu wa nyumba za bei nafuu. Kila mnapomwongezea gharama, kwa mtaro usiounganishwa au barabara inayoishia porini, anaipeleka kwa mpangaji. Hana pengine pa kuipeleka.

Sasa tuangalie anakojenga. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Ongezeko la mwaka, ambalo kati ya 2002 na 2012 lilikuwa asilimia 5.6, lilishuka mpaka 2.1. Kuna waliosoma takwimu hizo wakafurahi kwamba hatimaye jiji limepumua. Halijapumua, limefurika nje ya chombo. Fungueni ukurasa wa Mkoa wa Pwani. Mkuranga ilikuwa na watu 222,921 mwaka 2012. Miaka kumi baadaye idadi hiyo ilikuwa imezidi maradufu. Hao hawakwenda Mkuranga kulima korosho. Ni watu wa Mbagala na Chamazi waliovuka kwenda Vikindu kwa sababu kiwanja upande huu kimewashinda. Ni hivyo hivyo wanaotoka Bunju wakaingia Mapinga, ambayo tayari ni Bagamoyo, au wanaotoka Chanika wakajikuta Kisarawe. Kiluvya yenyewe mtu anaweza kulala Ubungo akanunua mkaa Kisarawe. (Na kuna Kongowe ya Temeke na Kongowe ya Kibaha. Nimewahi kumsubiri mtu saa mbili nzima katika Kongowe isiyo yake.)

Mtu huyo anapovuka mpaka, sheria nayo inabadilika chini ya miguu yake. Upande wa Temeke anaulizia kiwanja kwa mwenyekiti wa mtaa na ardhi inasimamiwa chini ya Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya 1999. Hatua chache mbele anaweza kuwa kwenye ardhi ya kijiji, Sheria Namba 5 ya mwaka huo huo, mbele ya halmashauri ya kijiji. Yeye hajui. Ameonyeshwa mnazi na dalali, akaambiwa kutoka mnazi huu mpaka mwembe ule, akalipa, akapewa karatasi yenye muhuri. Baadaye kijiji kinatangazwa mji mdogo, wapimaji wanakuja na bikoni, na chumba chake cha pili kinaangukia kwenye barabara ya mchoro.

Naomba hapa ndugu zangu wa Pwani wanisamehe, lakini nitawasemea. Dar inakunywa maji ya mto Ruvu. Mitambo ya Ruvu Chini imejengwa kuzalisha lita milioni 270 kwa siku na Ruvu Juu lita milioni 196, na yote miwili iko mkoani kwenu. Sisi tunachukua maji, tunawarudishia wapangaji. Asubuhi wapangaji hao wanarudi kwetu kufanya kazi, wananunua chapati Kariakoo, ushuru wa soko unabaki Dar. Jioni watoto wao wanagombea madawati Vikindu. Mkurugenzi wa Mkuranga akijenga darasa, anajenga kwa ajili ya nguvu kazi ya Temeke na Ilala. Nani anamchangia? Hakuna.

Lakini kwenye hayo hayo maji kuna jambo la kujifunza. DAWASA, mamlaka yetu ya maji, haikuundwa kwa kufuata mpaka wa mkoa. Inahudumia Dar na inahudumia miji ya Pwani inayolizunguka jiji, kwa sababu bomba linafuata mteremko na pampu. Kwenye maji tulikubali zamani kwamba mpaka ni wa utawala tu. Kwenye makazi bado tunajifanya ni ukuta.

Kwa nini? Mimi nadhani ni mapato, na sioni aibu kulisema mbele ya wakurugenzi. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, na haipiti tena dirishani kwenu. Halmashauri ikitaka fedha yake yenyewe, njia mojawapo ya haraka ni kupima viwanja na kuviuza. Ukiuza, unataka bei. Ukitaka bei, unapima viwanja vikubwa karibu na lami, unavitangaza, na anayevinunua ni mtumishi mwenye mkopo wa benki au ndugu yetu aliyeko ughaibuni. Mpangaji wa chumba hayumo kwenye hesabu hiyo. Na ukimwekea viwanja vidogo vya bei ya chini wakati jirani yako hafanyi hivyo, maskini wa halmashauri zote tano za Dar watakuja kwako, pamoja na gharama za zahanati na shule. Kwa hiyo kila mmoja anasubiri mwenzake aanze. Si ubaya wa moyo. Mkurugenzi yeyote mwenye akili timamu, akiwa peke yake, angefanya hivyo hivyo.

Tumeshaona mfano. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 chini ya Wizara ya Ardhi uligusa manispaa zote tatu za wakati ule: Bunju na Mbweni upande wa Kinondoni, Buyuni na Mwanagati upande wa Ilala, Kibada na Gezaulole upande wa Temeke ya zamani. Upimaji ulifanyika, fedha zilirudi. Lakini barabara na maji havikuja kwa mwendo wa viwanja, na vingi vilikaa miaka na majani mpaka kiunoni huku wenyewe wakisubiri bei ipande. Kabla yake tulikuwa na Sinza, iliyopimwa miaka ya 1970 kwa ajili ya watu wa kipato cha chini. Leo nendeni Sinza Jumamosi usiku mkatafute kipato cha chini.

Upande mwingine kuna mradi wa kuboresha makazi yasiyopangwa, ule wa miundombinu ya jamii, ulioendeshwa na manispaa zote tatu kwa pamoja kuanzia katikati ya miaka ya 2000. Mitaa 31, barabara za ndani, mitaro, taa, kwa viwango vinavyofanana. Haukujenga hata nyumba moja. Lakini waulizeni wenye nyumba wa mitaa ile: gari la mchanga likiweza kufika mlangoni, tofali linashuka bei, na mtu anaongeza chumba. Binafsi nauhesabu kuwa mradi wa nyumba.

Na kuna Chamazi. Upanuzi wa bandari ulipowaondoa watu Kurasini, baadhi yao, wenye nyumba na wapangaji, walijiunga kwenye vikundi vya kuweka na kukopa vya shirikisho la maskini wa mijini, wakaanzisha ushirika, wakanunua ekari 30 Chamazi. Sheria yetu ya fidia inamtazama mwenye nyumba. Mpangaji anaambulia kufungasha godoro. Wale walikataa kufungasha. Walifyatua matofali yao wenyewe ya kufungamana, wakaanza na nyumba ndogo inayoweza kuongezwa. Ilibidi wahangaike kuruhusiwa viwanja vidogo kuliko kipimo kilichokuwepo, maana kwa kipimo kile ekari 30 zisingewatosha. Hapo ndipo ninapotaka mtulie kidogo. Ruhusa ile waliyoitafuta kwa jasho, halmashauri tano za Dar na jirani zake za Pwani zikikaa meza moja zinaweza kuifanya kanuni ya kawaida: kiwanja kidogo, choo kinachofaa, njia ya gari la zimamoto, kipimo kile kile Vikindu na kile kile Mbagala. Dalali hatakuwa tena na cha kumdanganyia mtu upande upi ni rahisi.

Meza hiyo ilikuwapo, kwa namna yake. Mpaka Februari 2021 kulikuwa na Halmashauri ya Jiji juu ya manispaa, ikishughulikia mambo ya wote kama dampo la Pugu Kinyamwezi. Ikavunjwa, na Ilala ikapandishwa kuwa jiji. Sikuililia sana ile halmashauri, ilikuwa na posho nyingi na maamuzi machache. Ila ilipoondoka hatukuweka kitu kingine cha madiwani kukutana kuhusu eneo zima, na hata yenyewe isingevuka kwenda Pwani. Sheria za serikali za mitaa za 1982, Namba 7 ya wilaya na Namba 8 ya miji, zinaruhusu kamati za pamoja. Hatuhitaji kusubiri Bunge.

Wenzetu wadogo kuliko sisi wameshafanya. Mwaka 1992, mashariki ya Seattle huko Marekani, miji ya Bellevue, Kirkland na Redmond pamoja na kaunti yao ya King iliunda chombo kimoja kinachoitwa ARCH. Miji mingine ikajiunga baadaye. Wana ofisi moja yenye wataalamu wachache wa kuwatumikia wote, kwa hiyo mji mdogo usioweza kuajiri mtaalamu wa nyumba anampata kwa kuchangia. Wana mfuko wa pamoja. Kila baraza linapiga kura lenyewe kuidhinisha fedha zake, na fedha za mji mmoja zinaweza kwenda kujenga nyumba katika mji mwingine. Diwani anakubali kwa sababu anajua mpishi wa mgahawa wa mjini kwake analala mji wa jirani. Eneo lile ni tajiri na halijamaliza tatizo lake, kodi za kule zinatisha. Nimechukua kwao utaratibu, sikuchukua ahadi.

Sisi tunajua kutenga fedha kwa asilimia. Kila halmashauri hapa inatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Sipendekezi tuiguse. Napendekeza kidogo kitokane na mauzo ya viwanja, kiende kwenye mfuko mmoja wenye kazi mbili tu kwa kuanzia: kununua ardhi mpakani kabla dalali hajaifikia, na kuunganisha mitaro, makaravati na barabara zinazokatikia mpakani. Ujenzi wa nyumba waachieni kina mama wenye nyumba, wanaujua.

Nimemaliza hotuba, sijamaliza kazi. Pale nyuma, meza ya karibu na dirisha, kuna ramani ya mpaka wa Dar na Pwani kuanzia Mapinga mpaka Vikindu, na kalamu nyekundu. Maofisa mipango miji wa pande zote mbili, kabla ya chai, naomba mkaweke alama kila mahali mnapojua barabara au mtaro wenu unakoma na upande wa pili hakuna kitu. Nimeshaweka alama moja mimi mwenyewe. Msiniulize ni wapi.