Wawili Wawili Si Jaa la Walioshindwa

Mhadhara kwa wazazi na makocha wa tenisi ya wasichana

Asanteni. Wale wa nyuma sogeeni, viti vya mbele vipo.

Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili: mchezo wa wawili wawili, jozi dhidi ya jozi, si jaa la walioshindwa. Leo nalirudia kwa sababu wiki iliyopita mama mmoja alinijia machozi yakimlengalenga. Nilikuwa nimempanga bintiye kwenye mashindano ya wawili wawili. Akaniambia, "Mwalimu, mwanangu umemtupa." Nimemtupa! Mtoto niliyemtafutia mwenzake wa mkono wa kushoto, wakafanya mazoezi miezi miwili mpaka wakaanza kuelewana bila kuitana. Lakini mama yule simlaumu. Makocha ndio tuliomfundisha hivyo. Msichana akishatolewa kwenye mchezo wa mmoja mmoja, ndipo tunamwokota na mwingine aliyetolewa, tunawaambia, haya, jaribuni bahati pamoja. Nani hataliona ni jaa?

Basi twendeni Wimbledon, mashindano makubwa ya tenisi kule Uingereza, tarehe 10 Julai 2021, fainali ya wanawake wawili wawili. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Upande mmoja yuko Hsieh Su-wei wa Taiwan na Elise Mertens wa Ubelgiji. Upande wa pili Warusi wawili, Veronika Kudermetova na Elena Vesnina. Vesnina alikuwa amerudi uwanjani mwaka ule ule baada ya uzazi. Warusi wakachukua seti ya kwanza, 6-3. Seti ya pili wakafika pointi ya ubingwa. Wakaikosa. Wakaipata nyingine, nayo wakaikosa. Kombe lilikuwa mpira mmoja tu mbali nao, mara mbili! Akina Hsieh wakaichomoa seti ile 7-5, na ya tatu wakaimaliza 9-7.

Nawaonyesha wanafunzi wangu mchezo ule kila mwaka, na kila mwaka wanatazama mpira. Acheni mpira! Mtazameni aliyesimama wavuni. Uwanja wa wawili wawili una upana wa mita 10.97 badala ya 8.23, lakini kisanduku ambamo mpira wa kuanzia lazima udunde ni kile kile. Anayepokea ana nafasi zaidi ya kurudishia, ila mbele yake kuna mtu anamvizia. Kabla ya kila pointi mtu huyo wa wavuni anapeleka mkono nyuma ya mgongo na kumwonyesha mwenzake vidole: navuka, au nabaki. Akivuka na mwenzake asizibe pengo, pointi imekwenda. Wakizungumza sawasawa, aliye ng'ambo anaona uwanja wote umejaa watu.

Na Hsieh je? Anashika raketi kwa mikono miwili, kulia na kushoto. Mpira wake hauna kishindo. Anaupeleka pale ambapo hamna mtu, basi. Hizo si nguvu, ni macho, na macho hayo yanafundishika. Msichana mwembamba mnayesema hatafika popote kwa sababu hapigi kwa nguvu, huyo huyo nileteeni mimi.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Mwaka 2023 Hsieh akarudi fainali ile ile, safari hii na Barbora Strycova, na waliyemkuta ng'ambo ni Mertens, akicheza na Storm Hunter. Akina Hsieh wakamfunga. Januari 2024, Hsieh na Mertens wako pamoja tena, wanachukua Australian Open, mashindano makubwa ya Australia. Wimbledon ya 2025, fainali, Mertens yuko na nani? Kudermetova! Yule yule ambaye Mertens alimnyang'anya kombe miaka minne nyuma. Na ng'ambo ya wavu ni nani? Hsieh, pamoja na Jelena Ostapenko. Mertens na Kudermetova wakapoteza seti ya kwanza 3-6, kisha wakashinda 6-2, 6-4.

Naona kocha mmoja pale anatabasamu. Anataka kuniambia, "Mwalimu, unatuhimiza jozi zikae pamoja, na hao wako wanabadilishana kila msimu." Nimeshaulizwa hilo mara nyingi. Mwashi mzoefu anaweza kubadilisha mwenzake leo na ukuta ukasimama, kwa sababu kila mmoja anaijua kazi yake. Wanagenzi wawili waliokutana asubuhi hawawezi. Mertens na Kudermetova hawakuokotana mlangoni mwa uwanja. Mwaka 2022 walikuwa wameshatwaa pamoja fainali za mwisho wa msimu za WTA, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanawake. Mtazameni na Strycova. Alishinda Wimbledon na Hsieh mwaka 2019, akastaafu mwaka 2021, akazaa mtoto wa kiume, akarudi, na 2023 akashika kombe lile lile na mwenzake yule yule. Maelewano yaliyojengwa vizuri yalimngoja mpaka amalize kulea. Wa kwetu hatuwapi hata wiki mbili, halafu tunashangaa wakigongana katikati ya uwanja kila mmoja akidhani mpira ni wa mwenzake.

Pesa. Ndiyo, nalijua hilo swali, na sitalificha. Wimbledon 2025 jozi iliyoshinda ilipata pauni 680,000, wakagawana wawili. Bingwa wa mmoja mmoja alipata pauni 3,000,000 peke yake. Pengo hilo linaniudhi, na yafaa liwaudhi na ninyi. Lakini mzazi anayeniambia kwa sababu hiyo bintiye asicheze wawili wawili, namuuliza: huyo binti ameshaingia mlango gani mwingine hata uufunge huu?

Wengine wanasema wakubwa hawachezi. Mwaka 2016 Serena Williams alimshinda Angelique Kerber katika fainali ya mmoja mmoja pale Wimbledon, na siku ile ile akarudi uwanjani na dada yake Venus wakachukua kombe la wawili wawili. Wale ndugu waliingia fainali 14 za wawili wawili katika mashindano makubwa manne ya dunia, Wimbledon ikiwa mojawapo, na kushinda zote 14. Hakuna aliyewaambia wametupwa.

Nilitaka kuzungumza juu ya namna ya kumsimamisha mpokeaji, lakini naona saa inanikimbiza, tutafanyia uwanjani. Na la Angella Okutoyi mnalijua: mwaka 2022, Wimbledon ya wasichana, yeye na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi walishinda 3-6, 6-4, na 11-9 katika pointi za kuamua. Ndiye Mkenya wa kwanza kushika kombe la mashindano hayo makubwa, na alilishika katika wawili wawili! Mmoja wa wale waliofungwa nao siku ile alikuwa Victoria Mboko wa Kanada, binti wa wazazi kutoka Kongo, ambaye mwaka 2025 alichukua ubingwa wa Montreal katika mchezo wa mmoja mmoja. Basi mniambie, kucheza wawili wawili kulimharibia nini Mboko?

Karatasi ziko pale mezani. Kila kocha aandike jozi zake leo, kabla ya kuondoka, na asibadilishe jina hata moja mpaka Desemba. Mama yangu wa wiki iliyopita, najua umo humu ndani. Binti yako anacheza kesho saa tatu, uwanja wa pili. Kaa nyuma yake, utazame vidole.