Waylon, Willie na ile santuri ya "Wanatafutwa"

Haya, wale mko huko nyuma sogeeni mbele, viti viko, na spika ni hizi mbili tu kwa hivyo ukikaa mbali utasikia besi peke yake. Asanteni sana kwa kuja.

Wacha nianze na kitu wengi wenu mnakijua. Kama umelelewa hapa Kenya na mzazi mwenye redio, muziki wa country, ule wa Marekani, ulifundishwa na Jim Reeves. Kwetu mzee alikuwa anaweka kaseti yake Jumapili asubuhi kabla ya kanisa, ile sauti nzito ya polepole, vayolini nyuma, kwaya inaitikia kwa upole, na mama akiwa jikoni anaitikia pia. Tuliipenda na mimi mpaka leo naipenda. Lakini zile vayolini na ile kwaya hazikuwa za Jim Reeves peke yake, ndivyo mji mzima wa Nashville ulikuwa unafanya kazi wakati ule, na prodyusa wake pale kampuni ya rekodi ya RCA, Chet Atkins, ni mmoja wa wale walioujenga huo mtindo. Unaingia studio ya kampuni, unakuta wapigaji wale wale wanaopigia kila mtu, masaa matatu mmemaliza nyimbo tatu au nne, unaenda zako, halafu vayolini zinaongezwa wewe ukiwa nyumbani umelala. Wimbo gani uimbe, prodyusa ndiye anaamua. Bendi yako, wale vijana mnalala nao kwenye basi mkizunguka mji hadi mji, hao wanabaki nje ya mlango.

Sasa hii niliyoshika ni Wanted! The Outlaws, yaani "Wanatafutwa! Wahalifu". Kava yake imechorwa kama yale matangazo ya zamani ya kusaka wahalifu, karatasi imechakaa, sura nne: Waylon Jennings, Willie Nelson, Jessi Colter ambaye alikuwa mke wa Waylon, na Tompall Glaser. Ilitoka Januari 1976 na ndiyo albamu ya kwanza ya country kupata platinamu, yaani kopi milioni moja. Hii yangu ni toleo la 1996, la kuadhimisha miaka 20, ya kwanza ilikuwa na nyimbo 11 na hapa wameongeza 9 za enzi hizo hizo na moja mpya kabisa, Nowhere Road ya Steve Earle, Waylon na Willie wanaimba pamoja wakiwa tayari wazee.

Mtu akisikia jina la albamu anafikiria bunduki na jela. Hapana jamani. Hawa watu walikuwa wanapigania vitu vya kazi: nirekodi wapi, nirekodi na nani, niimbe wimbo wa nani. Waylon alikuwa RCA tangu 1965, na RCA walikuwa wamekubaliana na chama cha mafundi mitambo kwamba msanii wao akirekodi lazima iwe studio yao na fundi wao. 1972 akaugua homa ya ini, yuko kitandani hana pesa, tena ana madeni, na hapo ndipo akampata meneja kutoka New York, Neil Reshen, akaenda kuubana mkataba upya mpaka Waylon akapewa uhuru wa kusimamia rekodi zake mwenyewe. Baadaye akahamia kurekodi kwenye studio ya Tompall, kajengo kadogo pale 19th Avenue South watu walikaita Hillbilly Central, na Hazel Smith aliyekuwa anashughulikia matangazo pale ndiye anatajwa kuwapachika hilo jina la outlaw. Miaka michache baadaye, 1977, RCA wakafunga studio zao Nashville. Mimi hilo naliona ni jambo kubwa kuliko ile platinamu.

Willie yeye alitoka kabisa. Ndiye aliyeandika wimbo wa Crazy, ule Patsy Cline aliimba 1961, lakini mwenyewe akiimba haiuzi, ikafika 1972 akarudi Texas, akakaa Austin. 1975 anatoa Red Headed Stranger, ameirekodi Garland, Texas, kwa kama dola elfu nne tu, na wakubwa wa Columbia, kampuni yake ya rekodi, walipoisikia wakadhani ni demo, yaani rekodi ya majaribio tu. Nilipoisikia mara ya kwanza nilisimama nikaangalia kama waya ya spika imetoka, manake nilikuwa nimezoea nyimbo zilizojaa. Gita moja la nyuzi za nailoni, dada yake Bobbie kwenye piano, hamonika inapita mbali. Hilo gita lake Trigger lina tundu kabisa kwenye mbao, kwa sababu ni gita la klasiki halina kile kikinga cha kuzuia mikwaruzo, na miaka yote vidole vyake na piki vimekuwa vinakwangua mahali pamoja.

Niwaambie ukweli kuhusu hii Wanted lakini, maana naipenda na sitaki mdanganywe na kava. Nyimbo nyingi zilikuwa zimeshatoka. Jerry Bradley, bosi wa RCA Nashville, alikusanya vitu vilivyokuwa stoo akavitia jina. Hata Good Hearted Woman, ambayo unasikia kama wako wawili jukwaani na watu wanapiga kelele, ni rekodi ya Waylon na sauti ya Willie ilibandikwa juu baadaye. Bado ni tamu. Lakini ukitaka kujua walichokuwa wanatafuta, anza na albamu ya Waylon, Honky Tonk Heroes ya 1973.

Hiyo ina nyimbo 10, na 9 zina mkono wa mtunzi Billy Joe Shaver, kijana aliyekatwa vidole akifanya kazi kwa kinu cha mbao. Waylon alimuahidi atarekodi nyimbo zake halafu akawa anamkwepa miezi na miezi. Siku moja Billy Joe akamfuata mpaka studio. Waylon akamtumia noti ya dola mia ili aende zake, jamaa akaikataa, akamwambia mbele ya watu usiposikiliza nyimbo zangu tutapigana hapa hapa. Waylon akakubali asikie mmoja tu. Akasikia mmoja, akataka wa pili, wa tatu.

Nimeleta ile iliyotolewa upya 1999, nauweka ule wa kwanza wenye jina la albamu. Unaanza taratibu kama mtu anakusimulia akiwa amekaa, msiongee hapo, kisha katikati bendi inabadilisha mwendo, na mkisikia ngoma imeingia jueni huyo ni Richie Albright, wa bendi yake mwenyewe, na yuko ndani ya studio.