Orodha ya Kusubiri Si Foleni

Mhadhara kwa waombaji wa vyuo vya Marekani na wazazi wao, Mombasa

Assalamu alaikum. Hamjambo wazazi wangu, hamjambo wanangu.

Wengi wenu mmepata jibu la aina moja mwezi wa Machi: chuo hakikukukubali wala hakikukukataa, kimekuweka kwenye orodha ya kusubiri. Na swali nililoulizwa hata kabla sijaketi ni, "Mwalimu, nitajuaje niko nambari ngapi?" Vyuo vingi vya Marekani haviwapangi watu wa orodha hiyo kwa nambari. Ni benchi la timu ya kandanda: kipa akiumia, kocha hamwingizi mshambuliaji eti kwa kuwa ndiye aliyekaa benchi muda mrefu.

Mambo huenda hivi. Chuo huwakubali wanafunzi wengi kuliko nafasi kilizonazo, kwa kujua kuwa wengine watakwenda kwingine. Harvard, zaidi ya 80% ya waliokubaliwa hufika. Kuna vyuo vizuri tu ambako hata theluthi haifiki. Kwa kawaida siku ya mwisho ya kujibu ni tarehe 1 Mei. Hapo ofisi ya udahili huketi kuhesabu mapengo. Wa fizikia wamepungua? Wa kutoka nje? Wa kulipa karo yote? Pengo likionekana, orodha hufunguliwa, Mei na Juni, mara chache Julai. Mwaka 2020 korona ilipovuruga hesabu, vyuo vingi vilichukua watu wengi kutoka orodhani. Mwaka mwingine chuo kinaweza kisimchukue hata mmoja, na si kosa la aliyekuwa akisubiri.

Msikisie. Vyuo vingi hutoa kila mwaka waraka uitwao Common Data Set. Fungueni sehemu ya C2, mtaona idadi ya waliowekwa kwenye orodha, waliokubali kubaki humo, na waliochukuliwa. Someni miaka mitatu au minne, maana mwaka mmoja hudanganya.

Sasa pesa. Washauri wengi wa mitandaoni wanawaandikia watoto wa Kimarekani, kwa hiyo hapa hupita haraka. Sisi hatuwezi. Gharama ya mwaka mmoja katika vyuo vingi vya binafsi kule imepita dola 80,000. Mwezi wa Mei fungu la msaada huwa limeshagawiwa, na vyuo vingi huangalia uwezo wa mwanafunzi wa nje kulipa kabla ya kumchukua. Vingine havitoi msaada wowote kwa mgeni aliyetoka kwenye orodha. Kwa hiyo baruapepe ya kwanza, kabla ya barua yoyote tamu, iwe fupi: je, mwanafunzi wa nje akichukuliwa kutoka kwenye orodha, anaweza kupata msaada wa kifedha? Jibu likiwa hapana, na baba hana, jitoeni kwenye orodha hiyo mpumzike. Kama hali ya nyumbani imebadilika, mfadhili amepatikana au ndugu wamekubali kuchanga, semeni, na muwe na karatasi. Msiahidi pesa hewa: bila ushahidi wa fedha chuo hakitoi fomu ya I-20, na bila I-20 hakuna viza ya masomo.

Na tafadhali, harambee isiitishwe kwa ajili ya orodha ya kusubiri. Ngojeni barua ya kukubaliwa.

Tuje kwenye barua. Kwanza bonyeza kwenye akaunti yako ya mwombaji kwamba unakubali kubaki, maana vyuo vingi vikikosa jibu lako hukuondoa. Kisha soma maelekezo. Chuo kikisema hakitaki nyongeza yoyote, usitume. Kikiruhusu, andika barua moja, isizidi ukurasa. Ikiwa kweli ndicho chaguo lako la kwanza, sema wazi: nikikubaliwa, na msaada ukitosha, nitakuja. Sentensi hiyo huandikiwa chuo kimoja tu. Kuiandikia vyuo vitatu ni uongo.

Halafu habari mpya. Mwenzako wa Marekani mwezi wa Aprili bado yuko darasani, ana alama za muhula za kutuma. Wewe ulimaliza KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, Novemba, matokeo yametoka, umeshayatuma. Afisa udahili akisoma faili lako anaona miezi tupu mpaka Agosti, naye ana haki ya kuuliza ulikuwa ukifanya nini. Hapo ndipo barua yako inaposimama au kuanguka. Usiandike "nina shauku kubwa ya kujifunza". Shauku kila mtu anayo. Andika kwamba tangu Februari unawafundisha hesabu watoto wa gredi ya nane mtaani, na wangapi wanakuja. Andika kwamba unashika daftari la hesabu katika duka la hadiwea la mjomba na umegundua misumari inapotea wapi. Mmoja akiwaandikia wavuvi wa Kipini rekodi za samaki wanaoshuka kila siku, hiyo ni habari. Kuuza dukani si aibu, kuficha kazi ndiko kunakokupunguza.

Mwalimu wako au mkuu wa shule anaweza kuongeza baruapepe moja yenye jambo jipya. Barua ya mheshimiwa mbunge asiyekujua hata jina la pili iacheni ofisini kwake. Zawadi pia msitume.

Wakati huo huo shika nafasi kwingine. Kama chuo kingine cha nje kimekukubali, jibu kabla ya tarehe ya mwisho na ulipe amana yake; ukiitwa baadaye kutoka orodhani utaipoteza, ndiyo gharama yenyewe. Kulipa amana vyuo viwili kwa pamoja hairuhusiwi, na vikigundua unaweza kukosa vyote. Kama huna chuo cha nje, usiache dirisha la KUCCPS, wanaogawa nafasi za vyuo vya hapa Kenya, lifungwe ukiwa umetazama Boston.

Pasipoti iwe mkononi kufikia Mei, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Ukiitwa mwishoni mwa Juni utahitaji I-20, ada ya dola 350 ya SEVIS (mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni), na miadi ya viza kwenye ubalozi wa Marekani kule Gigiri, Nairobi, yote kabla ya masomo kuanza Agosti. Simu pia iwe na chaji usiku: saa kumi jioni ya Boston wakati huo ni saa tano usiku hapa, na anayepiga anaweza kukupa siku chache tu za kujibu.

Maswali sasa. Naona mama kule nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja dola 80,000, tuanze naye.