Dume au jike? Namna ya kuwajua nzi askari weusi, hawa BSF

Haya wadau, karibuni. Leo tunamwangalia nzi askari mweusi, wengi tunamwita BSF tu, kifupi cha jina lake la Kiingereza Black Soldier Fly, na swali ni lile lile, dume yupi na jike yupi maana wote weusi tii.

Kwanza hakikisha uliyemshika ni BSF kweli, watu wengine wanaruka kwa woga wakidhani ni nyigu. Nyigu ana mabawa manne, huyu mawili tu, halafu hana mwiba kabisa, mshike bila wasiwasi. Cheki miguu, chini kule ni myeupe kama kavaa soksi. Na pale kiunoni ana vidirisha viwili, ukimwinua kwenye mwanga unaona mpaka upande wa pili, mimi hapo ndo huwa napapenda.

Sasa hatulii huyu, so mtie kwenye kopo lenye kifuniko, weka kwenye friji dakika chache tu apoe. Friji nimesema, sio friza, utamuua.

Akishapoa mgeuze chali kwenye karatasi nyeupe, chukua simu, vuta kamera karibu kabisa na mkiani, hapo ndo jibu lilipo. Jike mkia wake unachongoka, kuna kimrija kinachotoka na kuingia, ni cha kutagia, anakipenyeza kwenye nyufa kuweka mayai yake mamia kwa mpigo. Kama kakificha, bonyeza tumbo kidogo, taratibu jamani, kitachomoza. Dume yeye mwisho wake ni butu, umejikunja hivi, na una vikulabu vidogo vya kumshikia jike wakati wa kupandana.

Rangi nayo inasaidia kiasi, jike huwa na wekundu fulani huku mwisho wa tumbo, dume anaelekea kahawia, lakini usiapie hiyo. Hata ukubwa, ni kweli majike kwa kawaida ni wakubwa zaidi, ila buu aliyekula vibaya anatoka nzi mdogo hata kama ni jike, mimi nimeshadanganyika hivyo mara kibao. Mkia ndo mwamuzi.

Ukiwakuta wawili wameungana mikia, kila mmoja anatazama kwake, basi umerahisishiwa, linganisha hapo hapo bila kuwagusa.

Huyu wetu naona kaanza kuchezesha miguu, mrudishe kwenye neti ya kufugia haraka, maisha yake yote ya unzi ni kama wiki moja au mbili na sisi tushamlia muda.