Enoch Powell na Usiku wa Hola

Ndugu zangu, hili nimelisema mara nyingi na leo nalirudia. Nikimtaja Enoch Powell tu, yule mwanasiasa wa Uingereza, mtu hunikatiza: "Si yule mbaguzi?" Ndiye. Lakini sisi Wakenya tuna deni la kumjua zaidi ya hapo.

Machi 3, 1959, kambi ya Hola, kando ya Mto Tana. Wazuiliwa 88 wa Mau Mau wanapelekwa shambani, wanalazimishwa kazi kwa marungu. Watu 11 wanakufa. Taarifa ya serikali ikasema nini? Kwamba walikufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Maji! Mjane asomewe hayo, na mwili wa mumewe umejaa alama za kipigo!

Julai 27 jambo likafika bungeni London. Saa saba za usiku zimeshapita, ndipo Powell akasimama, mbunge wa Conservative, chama hichohicho kilichotawala. Mwenzake wa chama alikuwa amewaita marehemu viumbe wasiofikia ubinadamu. Powell akasema ni imani ya kutisha kupima kifo cha mtu kwa kuuliza alikuwa nani. Hatuwezi, akasema, kuwa na kipimo cha Kiafrika Afrika na cha Kiingereza nyumbani. Akataka dhamana ipande juu, isiishie kwa maofisa wa kambi. Huyu aliingia jeshini 1939 kama askari wa kawaida, akatoka brigedia. Mimi namsikia mwanajeshi pale: amri ina mwenyewe.

"Basi unamsafisha?" Hapana, jamani, hapana! Miaka tisa tu baadaye, Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza walipokuwa wakikimbilia huko, Powell alikuwa mstari wa mbele kutaka wafungiwe mlango. Aprili 20, 1968, akatoa hotuba yake ya Birmingham ya kupinga wahamiaji, na Heath, kiongozi wa chama chake, akamwondoa katika baraza kivuli la upinzani. Kipimo kimoja alichokidai kwa maiti wa Hola, kwa walio hai alikikataa. Hapo ndipo ninapoumia, na ndiyo maana siwezi kufundisha hotuba moja nikaiacha nyingine.

Uwaziri wake wa Afya, ubunge wake wa Ireland ya Kaskazini, kuzikwa kwake 1998 na sare ya brigedia, siyagusi, muda umekwisha. Kumbukumbu za bunge lao zipo wazi. Mwalimu wa historia uliye hapa, kesho darasani anza na lile gari la maji.