Tabora tumeongezeka watu milioni 1 na zaidi: ninayoyaona nikiwa Korea

Mwangaluka ndugu zangu wa Tabora! Isevya mpo? Kanyenye, Cheyo, Ng'ambo? Wazee wangu, shikamooni. Hapa Daegu, Korea Kusini, ni usiku na baridi kali, ila hili leo silali nalo.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,291,623 mkoani kwetu. Ya 2022 ikakuta 3,391,679. Miaka 10 tu! Kuna waliohamia na ng'ombe wao, kuna waliofuata mashamba Kaliua na Urambo, lakini wengi tumewazaa wenyewe. Na mnaniandikia, "Dada, waambie watu wazae kidogo kama huko."

Kama huku? Hapana, ndugu zangu. Mwaka 1960 mama wa Korea alizaa wastani wa watoto 6, kama mama zetu. Mwaka 2023 wastani ulikuwa 0.72, yaani wanawake 100 hawafikishi watoto 75. Mtaani kwangu likipita toroli la mtoto, nikichungulia mara nyingi nakuta mbwa. Wenzangu kazini wanataka watoto, tena sana, lakini nyumba ni ghali, masomo ya ziada ni ghali, na kazini wanatoka usiku. Siwatakii hayo.

Ninalolitaka ni ile safari yao ya mwanzo. Serikali yao ilianza kuhimiza uzazi wa mpango mwaka 1962, sawa. Ila bibi mwenye nyumba yangu anasema yeye alitulia na watatu kwa sababu watoto waliacha kufa, na binti zake walisoma wakapata kazi.

Kwetu la kwanza, watoto kuacha kufa, linakwenda vizuri. Mwaka 2004 hadi 2005, nchini, watoto 112 kati ya 1,000 walikufa kabla ya kutimiza miaka 5. Mwaka 2022 walikuwa 43. Wastani wa uzazi nao ukashuka kutoka 5.7 hadi 4.8.

La pili, binti kusoma, ndilo linaloniuma, maana nimekulia kwenye tumbaku. Nani anachuma majani? Nani anayafunga kwenye fito, anasomba kuni, anachochea moto wa bani, lile banda la kukaushia tumbaku, usiku kucha? Watoto. Mkulima asiye na hela ya vibarua akizaa 8 hajakosa akili, anatafuta mikono. Kumpa somo la uzazi bila kumpunguzia kazi ya shamba ni kumchosha bure. Na wa kwanza kutolewa darasani ni binti, kisha anaolewa, naye anaanza kuzaa akiwa mtoto.

Sekondari haina ada hadi kidato cha 6. Tangu Novemba 2021 hata aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule. Mlango uko wazi, jamani!

Mpwa wangu wa Sikonge yuko kidato cha 2. Msimu wa kuchuma unaingia Januari, na mwaka jana alikosa wiki 5. Juzi nimemtumia kaka hela ya vibarua wawili. Kaka, najua unaangalia: hela ile ni ya mtoto akae darasani.